Kamusi ya Kununua Ukitafuta Kiingereza cha Juu

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana. Mtu amenunua kitabu cha maelfu ya maneno magumu ya Kiingereza, amekariri kurasa kwa kurasa, na maana anazijua. Akiandika insha au barua ya kuomba nafasi ya masomo, kila penye neno kubwa panarudi na mstari mwekundu. Msomaji mmoja aliandika kwamba kampuni yake inatarajia "to incur a large profit". Kitabu chake kilimwambia "incur" ni kupata, kikaishia hapo. Hakikumwambia kwamba kinachopatikana kwa "incur" ni deni, gharama, hasara au hasira ya mtu. Faida haimo.

Kwa hiyo sitazungumzia idadi ya maneno, ugumu wa jalada wala ubora wa karatasi. Hayo muuzaji atakueleza hata usipouliza. Mimi naangalia jambo moja ambalo wanunuzi wengi hawalikagui: je, kamusi inakuonyesha neno likiwa na wenzake? Yaani linafuatwa na kihusishi gani (kama "on" au "of") au halifuatwi na chochote, linaambatana na nomino zipi, linabeba sifa au lawama, na linafaa mazungumzo au maandishi tu. Kamusi isiyo na hayo inamtosha anayesoma. Anayetaka kuandika inamwacha njiani.

Na sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna mitego yetu. Tunasisitiza juu ya jambo na tunajadili kuhusu jambo, basi mkono unaandika "emphasize on" na "discuss about". Vitenzi hivyo viwili huchukua yambwa yake, yaani kile kinachotendewa, moja kwa moja, bila kihusishi. "Comprise" nalo linasumbua: kitu kizima "comprises" sehemu zake, na "of" haina kazi pale. Hakuna orodha ya maana itakayokuokoa hapo. Kinachookoa ni sentensi za mfano, tena sentensi zilizotokana na maandishi halisi ya watu.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa Collins COBUILD Advanced Learner's Dictionary, na sifichi kwamba naipenda kuliko zote. COBUILD ilitoka mara ya kwanza mwaka 1987, ikiongozwa na John Sinclair wa Chuo Kikuu cha Birmingham. Timu yake ilikusanya matini nyingi za Kiingereza kwenye kompyuta, kisha ikachunguza maneno yanavyotumika kweli. Sinclair aligundua, kwa mfano, kwamba "set in" huelekea kutanguliwa na mambo mabaya: kuoza, kukata tamaa na mengine ya namna hiyo. Mtunzi wa kamusi anayetegemea kumbukumbu yake peke yake hawezi kuliona hilo kirahisi.

Faida kubwa zaidi ni jinsi maana zinavyoandikwa. COBUILD haikupi kisawe kimoja tu, inakupa sentensi kamili: mtu wa namna fulani akifanya hivi kwa kitu fulani, basi kimetokea kile. Tazama "incur" humo. Sentensi ya maana yenyewe inataja jambo lisilopendeza, na kwamba limekupata kwa sababu ya ulichofanya. Umejifunza maana, yambwa na hisia ya neno kwa mkupuo mmoja. Yule msomaji wa faida angekuwa na kitabu hiki, sentensi yake isingezaliwa. Wapo wanaosema maelezo hayo ni marefu mno. Ndiyo, ni marefu, na huo urefu ndio unaoulipia.

Nafasi ya pili ni Longman Dictionary of Contemporary English. Tangu ilipotoka mwaka 1978, maana zake zimeandikwa kwa msamiati wa msingi wa maneno yapatayo 2,000, kwa hiyo hutafuti neno gumu ukaangukia gumu jingine. Ina visanduku vya maneno yanayoandamana, na ina alama ambazo wengi wanazipita bila kuziangalia: S1 ni neno lililo katika maneno 1,000 yanayotumika zaidi katika mazungumzo, W3 ni lililo katika elfu ya tatu ya maandishi. Ukiona neno lina W bila S, jihadhari kulimwaga kwenye mazungumzo ya kawaida. Kasoro yake ni umri: toleo la 6 ni la mwaka 2014.

Ya tatu ni Oxford Advanced Learner's Dictionary, ambayo watu wengi huinunua kwa sababu ya jina tu. Ina historia nzito. A. S. Hornby aliitayarisha alipokuwa akifundisha Japani, ikachapwa Tokyo mwaka 1942, na Oxford wakaitoa mwaka 1948. Toleo la 10 ni la mwaka 2020. Ni kamusi nzuri, ila miundo ya vitenzi inaonyeshwa kwa alama fupifupi, na mwanafunzi mwenye haraka huziruka. Ukiichukua, ongeza Oxford Collocations Dictionary, toleo la 2 la mwaka 2009. Hiyo hukupa nomino, kisha vitenzi na vivumishi vinavyoambatana nayo. Kwa mwandishi wa insha, hiyo ya pili ina faida kuliko ya kwanza.

Cambridge Advanced Learner's Dictionary haina ubaya, lakini sioni inachokupa ambacho hizo tatu hazina.

Za bei nafuu nitazigusa tu. Kamusi za mfukoni na vitabu vya orodha za maneno, achana navyo. Anki, programu ya kujikumbushia maneno kwa kadi, ni nzuri, mradi kwenye kadi uandike sentensi nzima badala ya neno na kisawe chake. Tovuti za bure za kamusi nilizozitaja zifungue kabla ya kununua, utafute "incur", "emphasize" na "comprise", ulinganishe. Kuzitegemea moja kwa moja ni jambo jingine. Macmillan walitangaza mwaka 2012 kwamba wanaacha kuchapa kamusi yao, na mwaka 2023 tovuti yake nayo ikafungwa. Aliyekuwa na nakala ya karatasi bado anayo.

Sasa wauzaji. Kinachoniudhi ni kitabu kuitwa "toleo jipya" kwa sababu tu kimetoka kwenye boksi leo. Fungua ukurasa wa hakimiliki, usome mwaka na namba ya toleo mwenyewe. Kinachoniudhi zaidi ni nakala za kurudufu zinazouzwa kwa bei ya kitabu halali. Wino umefifia, na kinachopotea kwanza ni maandishi madogo ya mifano, yaani kile hasa ulichokwenda kununua. Halafu kuna msimbo wa huduma ya mtandaoni unaokuja na baadhi ya kamusi hizi. Ukikuta umeshakwanguliwa, dai bei ipunguzwe au urudishe kitabu hapo hapo, kwa sababu sehemu ya ulichotangaziwa imeshatumiwa na mtu mwingine.