Mwanza hadi Bukoba kwa ndege: uzoefu wangu na mama aliyetoka upasuaji

Mama alifanyiwa upasuaji wa nyonga katika hospitali ya Bugando, Mwanza. Siku ya kuruhusiwa, daktari alisisitiza jambo moja: asikae kitako muda mrefu. Nikajua basi limeshatoka kwenye hesabu. Kwa barabara unalizunguka Ziwa Victoria: Busisi, Sengerema, Geita, Biharamulo, Muleba, zaidi ya kilomita 400. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, lakini bado ni safari ya kutwa. Meli inalala njiani, na mama tangu MV Bukoba izame mwaka 1996 hataki kusikia habari za meli.

Ikabaki ndege. Angani, Mwanza na Bukoba zimeachana kwa kilomita kama 175 tu, kwa sababu unalikata ziwa moja kwa moja.

Tiketi ilisema dakika 50. Nilishika saa mwenyewe: magurudumu yaliacha ardhi saa 5:32 asubuhi, yakagusa Bukoba saa 6:11. Dakika 39. Zilizobaki ni za kutoka kwenye maegesho, kungoja zamu ya kuruka, na kusogea hadi jengo la abiria, maana ratiba huhesabu yote hayo. Jirani yangu alishangaa, ndege ya pangaboi inayokwenda karibu kilomita 500 kwa saa ichukue muda wote huo. Ni kwamba safari ikiwa fupi hivi, ndege haipati nafasi ya kutulia: inapanda, inanyooka kidogo, inaanza kushuka.

Kilichoniuma ni uwanjani Mwanza. Tulitakiwa kuondoka saa nne. Saa nne ikapita, na kwa saa nzima hakuna mhudumu wa shirika aliyetuambia neno. Mama yuko kwenye kiti kigumu, mimi namsimamisha kila baada ya dakika 20, tunatembea hatua chache, tunarudi. Baadaye ndipo likatoka tangazo kwamba Bukoba kuna mvua na mawingu mazito. Kungoja kwenyewe sikulalamikia hata kidogo. Watu 19 walifariki Novemba 6, 2022 ndege ilipoangukia ziwani ikijaribu kutua Bukoba, na wavuvi ndio walioanza kuokoa watu. Hali ya hewa ikiwa mbaya, acha tukae Mwanza hata hadi jioni. Lakini tuambiwe mapema, mgonjwa apate pa kujinyoosha.

Kwenye ngazi za ndege vijana wawili walimpandisha mama taratibu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakimwita "mama" kila hatua. Nawashukuru sana. Kaeni upande wa kushoto: mkikaribia Bukoba mtaiona Bumbire, kisiwa cha ziwani. Mama aliiona akanyamaza, akanishika mkono.

Uwanja wa Bukoba uko mjini, kwa hiyo saa saba kasoro tulikuwa nyumbani, ndizi ziko jikoni. Tangu tulipotoka Bugando saa mbili asubuhi, ni saa karibu tano. Mwenye mgonjwa ahesabu hivyo, si dakika 50. Abebe mto wa kukalia, na aombe kiti cha magurudumu siku anapokata tiketi. Kliniki yetu ni mwezi ujao, na nimeshakata ya kwenda na kurudi.