Kamusi ya Kiingereza kwa watoto: uzoefu wangu baada ya muhula mzima

Mwanangu yuko darasa la sita, shule ya serikali hapa Dar es Salaam. Masomo yake karibu yote ni kwa Kiswahili, ila akiingia kidato cha kwanza yatageuka Kiingereza. Ndiyo maana nilimnunulia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza iliyotungwa kwa ajili ya watoto, na kwa jumla nimeridhika nayo sana.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba maelezo hayamtumi mtoto kutafuta neno jingine gumu zaidi. Njia hii ina historia: mwaka 1935 Michael West, Mwingereza aliyefundisha Bengal, alitoa kamusi iliyofafanua maneno kwa kutumia maneno 1,490 tu ya msingi. Hii yetu imeifuata vizuri. Chukua "borrow" na "lend". Sisi tunaazima kalamu kwa mtu, na tunamwazima mtu kalamu, kwa hiyo darasani utasikia "borrow me your pen" kila siku. Kamusi inasema la kwanza ni kuchukua kitu utakachorudisha, la pili ni kumpa mtu kitu atakachorudisha. Chini kuna mchoro wa watoto wawili na rula, na mshale unaoonyesha inatoka kwa nani kwenda kwa nani. Mwanangu aliutazama kidogo, akatunga sentensi mbili sahihi bila msaada wangu. Kwa hapo tu, pesa yangu imerudi.

Kilichoniudhi ni matamshi. Wameweka alama ambazo hata mtu mzima lazima afundishwe kuzisoma, halafu kwenye "knife" hakuna popote panaposema K haitamkwi. Nimeandika mwenyewe kwa penseli. Pia michoro ni ya kwao: "bus" ni basi la ghorofa mbili, "winter" imepewa nusu ukurasa wa theluji, lakini "cassava" haimo kabisa. Mtoto anayekula muhogo asubuhi anahitaji kujua anauitaje.

Bei ni shilingi 25,000. Kwa mtoto wa darasa la tano hadi la saba, nunua. Wa darasa la pili bado, kadi za picha zitamfaa zaidi. Ukiwa dukani ifungue katikati uone kama kurasa zimeshonwa. Yangu imegundishwa tu, na kurasa za herufi S zimeshaanza kuachia.