Miezi 7 na kampuni ya wahudumu wa nyumbani: mhudumu mzuri sana, bili ndo ilitushtua

Naandika kwa yeyote anayeuguza mzazi nyumbani na ameanza kutafuta mtu wa kumsaidia, mana mimi nilipoanza sikujua hata niulize nini. Mama alipata kiharusi, upande wa kushoto umepooza, kujigeuza kitandani hawezi. Nilihangaika naye peke yangu na huku niko kazini, mpaka siku mgongo ukagoma nikashindwa kumtoa chooni, jioni ile ile nikapiga simu kampuni tatu, moja ikasema inaweza kuanza kesho yake, nikaichukua.

Dada waliyemleta anaijua kazi jamani. Siku ya kwanza kabla hajamgusa alimwambia "mama naomba nikugeuzie upande wa dirishani, ukisikia maumivu niambie", akamgeuza kwa kuvuta shuka alilolitandika chini yake, hakumvuta ule mkono uliopooza kama nilivyokuwa nafanya mimi, kumbe bega la mkono kama ule linaumia kirahisi sana. Halafu akainua mguu akaangalia kisigino. Palikuwa na wekundu kidogo, akabonyeza kwa kidole akaachia, wekundu ukabaki pale pale, akaniambia hapa kidonda kinataka kuanza. Mimi nilikuwa namwogesha kila siku na kisigino sijawahi kukiangalia! Akaweka mto chini ya mguu ili kisigino kisiguse godoro kabisa, akatufundisha kumgeuza kila baada ya masaa mawili, na ngozi haikuchanika. Kila kitu anaandika kwenye daftari, "saa 4 kageuzwa kulia, kanywa maji nusu glasi, kisigino sawa", nikirudi nasoma najua naanzia wapi.

Sasa hela. Walinitajia bei ya saa moja, mimi nikapiga hesabu ya masaa mawili asubuhi na mawili jioni nikaona tutamudu. Invoisi ya kwanza ikaja zaidi ya mara mbili. Kumbe kila wakija, hata wakikaa masaa mawili, unalipia manne, na wikiendi ina bei yake. Kwenye mkataba ipo kweli, mwishoni huko, ila yule aliyekuja nyumbani kumpima mama hali alinisikia kwa masikio yake nasema nataka mawili mawili na akanyamaza, hilo liliniuma sana. Tukabadilisha, dada anakuja mara moja asubuhi masaa manne mfululizo na jioni tunapokezana mimi na mdogo wangu. Kwa hiyo wewe usiulize bei ya saa, waambie siku zako na masaa yako halisi halafu wakuandikie invoisi ya mfano ya wiki nzima kabla hujasaini.

Bima nayo ilitukatalia. Walisema kuogesha, kulisha na kugeuza sio matibabu, wakakubali kulipia ziara za nesi na mtu wa mazoezi tu, tena kwa barua ya daktari. Hata hivyo ilitupunguzia mzigo, ombeni hiyo barua mapema kabla mgonjwa hajaruhusiwa kutoka hospitali.

Kuna ndugu walisema tumwajiri dada moja kwa moja itakuwa nafuu. Ni nafuu kweli, ila mkataba wetu unakataza, na pia akiumwa ndo umebaki mwenyewe, likizo yake juu yako, akiteguka mgongo akimnyanyua mama nayo juu yako.

Na aliumwa kweli, mwezi wa nne. Wakaleta kijana ambaye hata daftari hakulifungua, mama akakataa kabisa kuogeshwa na mtu asiyemjua, akashinda hivyo hivyo mpaka niliporudi, na siku ile wakaitoza yote. Nililalamika kwa maandishi, wakaifuta kwenye bili iliyofuata. Nikawaomba mtu wa akiba awe mmoja anayejulikana, mwanamke, aje kwanza asubuhi moja akae na dada amwone anavyofanya, wakakubali bila kututoza. Ameshakuja mara mbili peke yake na mama anamkubali.

Tunaendelea nao. Kampuni naipa nyota 3, dada ningempa 5 na zaidi.