Bawaba, rola na hendo za madirisha kwa sisi wa Mwanza: uanze na kipi, kipi kisubiri

Kama dirisha lako la alumini siku hizi linavutwa kwa mikono miwili huku mguu umekanyaga ukuta, au topu (zile fremu zinazofunguka) za mbao zimeinama mpaka uzinyanyue kidogo ndo zifunge, basi tuongee. Mimi nakaa Bwiru nyumba ya kupanga, madirisha ni mchanganyiko, sebuleni alumini ya kuslaidi, vyumbani mninga, jikoni lile la chuma la kizamani, na kwa makubaliano na mama mwenye nyumba (nanunua, ananikatia kwenye kodi) nimeshabadilisha karibu kila kitu kinachocheza. Hela nyingi niliipoteza mwanzoni maana nilianza na vinavyoonekana, hendo mpya inang'aa afu dirisha lenyewe halifungi. Kwahiyo hapa nimepanga kwa kuangalia kinachobeba uzito, urembo utasubiri.

Kabla hujatoka nyumbani fungua kile kibovu, kipanguse, kitie kwenye mfuko nenda nacho dukani. Picha ya simu haisaidii, hendo mbili zinaweza kufanana kama mapacha kumbe matundu ya skrubu yamepishana milimita tatu, hapo unaanza kutoboa upya na alumini inabaki na matundu kama filimbi. Zile hendo zenye mdomo wa kukamata fremu zina ya kulia na ya kushoto, mimi muuzaji aliniambia "zote sawa tu kaka", nikabeba mbili, kufika nyumbani moja mdomo unaangalia bawaba badala ya kuangalia fremu. Kwangu ni daladala tu narudi mjini. Wa Sengerema nao tangu 2025 wana daraja la Kigongo–Busisi, lakini aliyekuja na meli kutoka Ukerewe akirudi kwake Nansio akakuta ni ya upande mwingine, huyo ndo namuonea huruma. Pima pia kimo cha huo mdomo kutoka kwenye kitako, zinapishana kwa milimita chache tu ila ukikosea ama haikazi ama haifungi kabisa.

Beba na sumaku. Yangu nimeichomoa kwenye spika mbovu ya redio, wauzaji wameshanizoea, wakiniona tu wanasema yule wa sumaku kaja. Bawaba "ya shaba" ikiganda kwenye sumaku ujue ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, na hakunaga maelezo mengine hapo. Kwenye stenlesi ni kazi zaidi kidogo kwa sababu kuna aina namba 201 na namba 304, na zote kwa kawaida hazishiki sumaku, na hizo ndo zinazochanganywa sana. 304 ina kromiamu kama asilimia 18 na nikeli 8, kwenye 201 wamepunguza nikeli wakajazia manganizi ili bei ishuke, ndo maana inawahi kutoa madoa ya kutu. Tafuta namba iliyogongwa kwenye chuma chenyewe, ya kwenye boksi usiitegemee. Na akija mtu kukuuzia 316 ya kustahimili chumvi mwambie ziwa letu ni maji baridi, hiyo wakanunue wa Dar na Tanga, wewe unalipia bahari usiyokuwa nayo. 304 inatosha kabisa, hata kama nyumba iko Capri Point na mawimbi unayasikia kitandani.

Haya, namba moja kwangu ni rola za madirisha ya kuslaidi. Watu wanazisahau kwa sababu hazionekani, zimejificha chini ya fremu ya kioo, wakati ndo zinazobeba kila kitu. Piga hesabu mwenyewe, kioo cha milimita 5 kina kilo 12.5 kwa kila mita moja ya mraba, kipande cha sentimita 75 kwa 120 tayari ni kilo 11 na kidogo bila kuhesabu alumini yake, na yote imekaa kwenye rola mbili ndogo. Sasa ukiweka zile za plastiki tupu zinazozunguka kwenye msumari, zinaanza kulika upande mmoja, zinakuwa kama yai, afu badala ya kuzunguka zinaburuta. Dalili yake ni unga wa kijivu kwenye reli, ukipitisha kidole kinatoka cheusi, hiyo ni alumini yako inasagika. Ukifika hapo usichelewe, maana reli ikishalika rola mpya haikusaidii kitu.

Zinazofaa ni za nailoni ngumu zenye beringi ndani na kikombe (kile kikasha kinachoshika gurudumu) cha stenlesi, na kama kioo ni kizito chukua zenye magurudumu mawili kwa kila kikombe. Zizungushe kwa kidole hapo hapo dukani, nzuri inazunguka kimya na haitikisiki kulia kushoto, mbaya unaisikia inakwaruza. Angalia pia mfereji wa gurudumu ulingane na umbo la reli, na upana wa kikombe uingie kwenye fremu, ndo maana nikasema nenda na ya zamani.

Sisi wa huku tuna shida yetu pia, wale wadudu wa ziwani wanaotokea kama moshi juu ya maji. Wakiingia usiku wanafuata taa, asubuhi wamelala kwenye reli wamekufa kibao, wanachanganyika na vumbi na mtu akiwa kapaka grisi pale inakuwa uji mweusi. Mwaka jana nilimuita fundi kwa sababu maji ya mvua yalikuwa yanamwagikia kwenye kochi, akaja na mpira wa silikoni tayari kuziba kila mahali, kumbe yale matundu madogo ya kutolea maji chini ya fremu kwa nje yalikuwa yamezibwa na hao wadudu, nikayazibua kwa njiti ya fagio maji yakatoka yenyewe. Kwahiyo kabla ya kununua chochote safisha reli na brashi ya meno ya zamani, unaweza kukuta rola bado nzima. Na grisi usipake, tumia silikoni ya kupuliza, hiyo haishiki vumbi sana. Mafuta ya kupikia ndo usiyasogeze kabisa.

Namba mbili ni bawaba za madirisha ya mbao. Mchana upepo unatoka ziwani unapanda milimani, sisi tunaokaa juu ya mawe tunaujua, dirisha lisilo na kulabu linapigwa paa! paa! mpaka jioni, na kila pigo linaishia kwenye skrubu za bawaba ya juu. Shaba halisi ndo bora kwa mbao, pini haigandi kutu, ila bei yake utaisikia. Inayofuata ni stenlesi ya inchi 3, au inchi 4 kama topu ni mninga mzito, na topu ndefu weka bawaba tatu badala ya mbili. Zile nyembamba za chuma zenye rangi ya dhahabu zinazouzwa pea kwa bei ya soda, mimi nimeziacha, pini inalegea mapema na dirisha linaanza kuinama upya.

Lakini nusu ya bawaba tunazotupa hazina kosa, kosa ni tundu la skrubu limepanuka. Mzee mmoja fundi seremala huku Kitangiri ndo alinionyesha, alichukua njiti za kiberiti, akakata vichwa, akazichovya kwenye gundi ya mbao, akazisokomeza kwenye tundu mpaka likajaa, akaniambia "baba, hii iache ilale mpaka kesho", kesho yake akatoboa katundu kembamba katikati akarudisha skrubu ile ile. Mpaka leo imeshika kama jana. Gundi na kiberiti, basi. Na ukibadilisha skrubu chukua ndefu kidogo kuliko za mwanzo, halafu kulabu ya kuzuia dirisha lisipigwe ununue siku hiyo hiyo, bila hiyo hata shaba itang'oka.

Namba tatu ni ile mikono ya friksheni ya madirisha ya alumini ya kufungua nje, zile pasi (bamba nyembamba) zinazokunjana juu na chini ya dirisha. Zinauzwa kwa pea, ya kulia na ya kushoto, na saizi ni inchi 8, 10, 12, 16. Pima urefu wa pasi ndefu, pima na unene ikiwa imefungwa, milimita 13 au 17, ukiweka nene kwenye nafasi ya nyembamba dirisha halirudi ndani. Na usikubali fundi abadilishe ya juu tu akaiacha ya chini, dirisha litajikunja. Ribiti ziwe za alumini au stenlesi, ukichanganya chuma cha kawaida au shaba na alumini pale penye maji utaona unga mweupe unatokea, alumini inaliwa hiyo.

Raba na brashi za pembeni sitaziongelea sana, ni bei rahisi, zinauzwa kwa mita, ukibadilisha rola badilisha na hizo, upepo na vumbi vitapungua. Kitasa kile cha mwezi mchanga cha kuslaidi nacho chukua cha chuma, cha plastiki ulimi unakatika, ila usidanganyike kwamba ndo ulinzi, kazi yake ni kuzivuta fremu zibanane, mwizi anazuiwa na nondo.

Hendo ndo za mwisho. Nyingi zinazouzwa ni za zinki ya kumiminwa, nzito mkononi kwahiyo mtu anaona imara, ila zikivunjika zinavunjikia shingoni na kuchomelea haikubali. Za alumini ni nyepesi, zinapinda kidogo kabla hazijakatika, mimi nachukua hizo. Ila kama una madirisha ya chuma ya zamani kama langu la jikoni, hendo zake ni za shaba, usiruhusu mtu akubadilishie na mpya. Yangu nilidhani imekufa kabisa, nyeusi tii kwa rangi walizopaka juu ya rangi, nikaichemsha kwenye sufuria ya zamani, rangi ikavuka kama ganda la yai, chini yake shaba tupu, nikaweka washa (kile kipete bapa) mpya na sasa inakaza kuliko zote nyumbani. Wakivunja nyumba za zamani mjini hizi zinaokotwa na kuuzwa kama chakavu kwa kilo, ukizikuta beba.

Mama mwenye nyumba alipopita kukagua, rola hakuziona, bawaba hakuziangalia. Akasimama sebuleni akauliza mbona sijaweka zile za dhahabu kama za jirani. Nikamchukua mpaka dirishani, nikamwambia asukume kwa kidole kimoja. Akasukuma, likaenda lote mpaka mwisho. Akalirudisha, akalisukuma tena, akasema haya, ila za dhahabu ataniletea mwenyewe mwezi ujao.