Banda la mpira Majengo Dodoma, mechi ikiisha usiondoke

Wakuu kama uko Dodoma na unapenda mpira kwa maana ya kuuelewa kabisa, nenda lile banda la kuonesha mechi kule Majengo, mitaa ya nyuma ya soko. Mlangoni buku tu hata kama ni Ligi ya Mabingwa, skrini mbili, sauti safi haikwaruzi. Mabenchi ya mbao ndo shida, dakika 90 mgongo unakoma, na feni ni moja kwahiyo wahi ukae upande wake.

Ila kinachofanya nilisifie ni kile kinachokuja baada ya filimbi ya mwisho. Mabanda mengine mechi ikiisha tu wanazima mnatolewa, hapa wanaacha mahojiano ya makocha mpaka yaishe, kisha mzee mwenye banda anapunguza sauti mjadala unaanza, na muuza kahawa anapita na kashata zake. Juzi hoja ilikuwa wachezaji waliogeuka makocha. Vijana wakaanza na Ancelotti, kombe la Ulaya mara 2 akiwa mchezaji wa Milan, 1989 na 1990, halafu mara 5 akiwa kocha, hapo hamna ubishi. Mzee akasema haya, sasa tuje kwa Mkwasa.

Aisee nilipenda sana. Charles Boniface Mkwasa wengi wa umri wangu tunamkumbuka kwa mechi za Algeria tu akiwa kocha wa Taifa Stars, Novemba 2015, Maguri na Samatta wanafunga pale Taifa tunaongoza 2-0, zikarudi zote ikawa 2-2, siku 3 baadae tukapigwa 7-0 kule Blida. Mzee alianzia mbali, kiungo wa Yanga na Taifa Stars, baadae kocha aliyeipeleka Twiga Stars fainali za Afrika za wanawake 2010 Afrika Kusini, baadae msaidizi wa kocha Pluijm pale Yanga, yaani mtu na jina lake lote lile anakubali kuwa namba 2 na anapiga kazi. Ndo ikaja Taifa Stars, kisha 2017 akaingia ofisini kuwa katibu mkuu wa Yanga, na mwishoni mwa 2019 alipoondoka kocha Zahera akarudi benchi kuishikilia timu. Jamaa mmoja akabisha, eti ukatibu ni kazi ya makaratasi haimuongezei kocha chochote. Mzee akamwambia mwanangu, kocha aliyewahi kukaa ofisini anajua hela ya kambi inatafutwaje, hawezi kudai wachezaji kumi wapya kila dirisha la usajili. Mi nipo na mzee kwenye hili, na naona klabu zetu zinawatupa mapema sana watu wa aina hii wakati wanajua nyumba nzima ilivyo.

Mecky Maxime naye aliguswa, nahodha wa zamani wa Stars aliyekuja kuwafundisha walima zabibu wetu wa Dodoma Jiji, ila usiku ulishaenda na watu wa bodaboda walikuwa wanaita nje.

Pikipiki unapaki ndani ya uzio, kuna mtu anaangalia. Choo kipo, kisafi kiasi. Mechi ya Simba na Yanga fika saa nzima kabla, la sivyo utasimama.