Dalali aliyetaka kunifundisha mawe: uzoefu wangu wa kununua nyumba Creuse

Juzi dalali ameniletea ujumbe kwenye simu: umeridhika na huduma yetu? Tupe maoni yako. Haya, maoni yangu ndiyo haya. Nayaandika kwa Kiswahili kwa sababu najua wako wenzangu huku Ulaya ambao usiku, badala ya kulala, wanapekua picha za vijumba vya mawe vya mashambani Ufaransa, kama nilivyokuwa nikifanya mimi mpaka nikanunua Creuse, mkoa wa mashambani katikati ya Ufaransa.

Naanza na neno lililonikaa kooni mpaka leo. Siku ya kwanza kwenda kuiona nyumba tulikuwa watatu sebuleni: mume wangu, mimi na huyo dalali. Ilikuwa kiangazi, jua kali, milango yote wazi. Nikaweka kiganja ukutani. Ukuta mweupe, laini, hauna hata mkunjo, na ndani yake una ubaridi ambao sikuupenda. Nikauliza, lipu hii ni ya chokaa au ya saruji? Hakunijibu. Alimgeukia mume wangu, ambaye ni Mfaransa wa mjini na hajawahi kushika mwiko maisha yake, akamwambia, "Bwana, kila kitu kimefanywa upya." Kisha akanitazama mimi: "Wewe usijali, utazoea. Kwenu ni nyumba za udongo, hapa ni mawe."

Wanaojua Kifaransa watanielewa. Lugha ile ina "wewe" ya mtoto na rafiki, na ina "nyinyi" ya heshima hata kwa mtu mmoja. Mume wangu alipewa "nyinyi". Mimi, mtu mzima niliyekuja na pesa zangu za miaka ya kulea wagonjwa usiku, nikapewa "wewe".

Na la udongo je? Mimi nimezaliwa Malindi, Unguja, ndani ya nyumba ya mawe. Kuta zake nene kiasi kwamba tulipokuwa wadogo tulikuwa tunalala usingizi wa mchana ndani ya dirisha. Nimekua nikiwaona waashi wakitomea kwa vijiwe na chokaa, nikaona ukuta unavyopakwa upya masika yakishapita, na nikaona pia watu waliokuja na saruji kwa sababu ni ya haraka, na baada ya misimu michache lipu ikadondoka vipande vipande pamoja na uso wa jiwe. Mji Mkongwe mzima unalijua hilo. Sikuhitaji kufundishwa mawe na mtu aliyevaa viatu vya ofisini.

Basi kwa nini nilinunua? Nimejiuliza sana. Bei ilikuwa ile ambayo Paris haikupi hata chumba kimoja, na kutoka stesheni ya Austerlitz unapanda treni moja tu mpaka La Souterraine, mji mdogo wa huko Creuse. Kulikuwa na meko kubwa ya kusimama mtu mzima ndani yake. Juu ya mlango kulikuwa na jiwe lililochongwa mwaka, tarakimu nne, moja imekaa upande kama mchongaji alichoka. Nililitazama jiwe lile nikamwona mwashi. Ndiyo Creuse hiyo: vizazi na vizazi wanaume wa huko walikuwa wakiondoka machipuko kwa miguu kwenda kuijenga Paris na kurudi baridi inapoingia. Martin Nadaud, aliyekuja kuwa mbunge, alitoka hivyo mwaka 1830 akiwa na umri wa miaka 14, anamfuata baba yake. Mahali palipozaa watu wa namna hiyo, mtu anachukua nyumba yao na kuifunika saruji kisha anaandika kwenye tangazo "imekarabatiwa kwa mapenzi"! Hili linaniudhi kuliko hata pesa.

Mambo ya karatasi sitayarefusha. Unatia saini mkataba wa awali, mnunuzi anapewa siku 10 za kubadili nia bila kulipa kitu, halafu miezi kama mitatu ya kusubiri, halafu mnakwenda kwa notari, yaani mwanasheria anayethibitisha mauziano, na gharama zake kwa nyumba kuukuu ni kama asilimia 7 au 8 juu ya bei. Notari wetu alikuwa mtu mwema, alisoma kila ukurasa kwa sauti. Nilichokosea ni ndani ya zile siku 10. Siku ya nane usingizi ulinikataa, asubuhi nikampigia dalali: nambie ukweli, ni chokaa? Akasema ndiyo, ni chokaa, bila hata kusita. Kwa simu. Sikumwambia aniandikie. Ningemwambia aandike, naamini asingeandika, na leo ningekuwa na pesa zangu benki.

Msidhani kile kitabu cha vipimo unachopewa kingeniokoa. Kuna kipimo cha madini ya risasi kwenye rangi za zamani, cha asbesto, cha umeme, cha nishati, cha karo la choo. Karo letu, kwa mfano, lilikutwa na kasoro, na sheria inampa mnunuzi mwaka mmoja kulitengeneza. Hilo tulilijua mapema na tukapunguziwa bei, sina ugomvi nalo. Lakini kipimo cha unyevu wa ukuta si cha lazima. Nyumba inaweza kuwa inazama ndani ya maji yake yenyewe na kitabu kikawa kizuri ukurasa kwa ukurasa.

Novemba ikafika. Kwanza ilikuja harufu, ile ya kanga zilizosahauliwa mvua ndani ya ndoo. Kisha chumvi ikachanua ukutani kwenye usawa wa goti, nyeupe, ya manyoya, ukiipangusa leo kesho ipo. Kwenye kabati la chumba cha kaskazini koti la mume wangu likaota kuvu mgongoni. Nikampigia dalali. Mnajua aliniambia nini? Nifungue madirisha, na nipunguze kupika, maana "vyakula vyenu vina mvuke mwingi". Nilikata simu, nikakaa kwenye ngazi nikalia. Sikulilia ukuta.

Jambo lenyewe wala si gumu kulieleza. Graniti ya Creuse haisharabu maji sana. Maji ya ardhini yanapanda kwa kupitia udongo na chokaa iliyo baina ya mawe, na ukuta ukiachwa huru unayatoa nje wenyewe. Ukiupaka saruji ndani na nje umeuziba pumzi. Maji yanazidi kupanda yakitafuta pa kutokea, na chumvi inabaki usoni. Alfu ya miaka watu wa pwani yetu wanajua hili bila ya diploma.

Sheria ipo: kasoro iliyofichwa unaweza kuidai ndani ya miaka miwili tangu uigundue. Ila mikataba mingi humkinga muuzaji wa kawaida, isipokuwa uonyeshe kuwa alijua. Tumeandika barua. Bado tunangoja.

Hapa ndipo ninapopata taabu na hukumu yangu, kwa sababu nilikaa chini kuandika kwamba msinunue, kamwe, nyumba yoyote iliyoitwa "imekarabatiwa". Lakini jirani yangu, bibi wa ng'ombe aliye ng'ambo ya njia, aliposikia aliniletea fundi wa ukoo wake, mtu mwenye mikono mikubwa na maneno machache. Akagonga ukuta kwa mpini wa nyundo, tukasikia sote: mtupu. Akachomeka patasi, kipande cha saruji kikaachia kizima kama ubao, na nyuma yake udongo mwekundu umelowa chepechepe, na nyuma ya udongo, mawe. Mawe mazuri, Mungu wangu, ya kijivu na mengine ya rangi ya asali, yamepangwa na mtu aliyejua kazi. Akanambia, "Mama, samahani kwa hawa waliofanya hivi." Kwa "nyinyi" ya heshima. Akaniuliza kwetu chokaa tunachoma na nini. Nikamweleza matumbawe juu ya lundo la magogo, moto wa usiku kucha, na jinsi chokaa inavyozimwa kwa maji na kuachwa ikae. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akanipa mwiko. Sebule tumeipaka pamoja, yeye juu mimi chini, na sijui lini mara ya mwisho nilifurahi vile.

Sasa nyumba siiuzi. Anayesema niuze aje ainuse sebule yangu, haina harufu. Ila nikikumbuka bili ya fundi, na kwamba tayari nililipia neno "imekarabatiwa" ndani ya bei, hasira inanirudi palepale, na ile "wewe" inarudi nayo. Kwa hiyo kama unanunua, nunua nyumba yenye kuta wazi hata kama ni gofu, nenda kaione mvua inaponyesha, na swali la chokaa lijibiwe kwa maandishi. Dalali yule simpi hata nyota moja.

Chumba cha kaskazini bado kina saruji yake. Chokaa haipakwi wakati wa baridi ya kugandisha, fundi amesema atarudi Aprili. Kitanda tumekihamishia sebuleni, karibu na meko.