Taarab Juu ya Paa: Mlo Mzuri, Wimbo Uliokatwa Mkia

Kwa muda mrefu nilikuwa nikiziepuka hoteli za Mji Mkongwe zinazouza chakula cha jioni pamoja na taarab, kwa dhana kwamba muziki unaopakuliwa pamoja na wali huishia kuwa kitoweo. Mwezi uliopita nilipata wageni kutoka Muscat, jamaa zetu ambao bibi yao alizaliwa Malindi, hapa Unguja, nao wakasisitiza kuwa hawaondoki bila ya kusikia ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Ikabidi niweke nafasi katika hoteli moja yenye mkahawa juu ya paa. Jina lake silitaji, kwa sababu yale nitakayoyalalamikia yamekuwa desturi ya biashara hii na si kosa la nyumba moja.

Bei ilikuwa shilingi 85,000 kwa kila mtu, chakula na muziki pamoja, bila ya vinywaji. Ngazi za kufika juu nilizihesabu: ni 71, nyembamba na zenye kona kali, na lifti hakuna. Ngazi hizo zinamhusu msikilizaji kuliko anavyodhani, maana ndizo zilizoamua kikundi kije na ala zipi. Besi kubwa, ile inayosimama kimo cha mtu na kuubeba wimbo mzima mgongoni, haipiti. Badala yake kijana mmoja alikuja na sanduku, ala ya kidumbaki (taarab ndogo ya harusini) iliyotengenezwa kwa sanduku la mbao, mti mmoja na uzi mmoja. Wageni wa meza za mbele walilipiga picha wakidhani ni kichekesho kilichoandaliwa kwa ajili yao. Kijana yule aliuvuta na kuulegeza uzi wake kwa utulivu, akatoa sauti nene iliyokaa sawasawa chini ya fidla, na sidhani kwamba aliyefumba macho angeijutia besi.

Nilifika saa kumi na mbili jioni, saa moja na nusu kabla ya muziki kuanza, na ninamshauri kila atakayekwenda afanye vivyo hivyo. Wakati huo mkahawa huwa mtupu, na mpiga ganuni huwa tayari amekaa anatia sauti. Ganuni ina nyuzi zaidi ya 70, zilizopangwa tatu tatu kwa kila sauti, na upepo wa bahari wenye unyevu hauziachi zitulie. Mzee yule alikuwa na ufunguo mdogo wa chuma mkononi. Anakaza uzi mmoja, anaugusa, anasikiliza, anarudi kwa wenzake wawili, anahamia safu inayofuata, na akifika katikati, safu za mwanzo zimekwisha kulegea. Kila alipopumzika aliifunika ala yake kwa kanga kama mtoto aliyelala.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mapema?"

Nilimwambia nimekuja kusikiliza anavyotia sauti. Akacheka, akasema hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hajawahi kulipwa.

Tulizungumza kidogo. Yeye ni karani mstaafu. Mpiga fidla ni dereva wa daladala, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa shamba kwenye harusi, akipiga kidumbaki hadi saa tisa. Hili halishangazi kwa anayeijua Unguja: kikundi kamili cha taarab ni gharama kubwa kwa harusi ya kawaida, ilhali kidumbaki kinahitaji fidla, sanduku, ngoma mbili ndogo ziitwazo vidumbaki, cherewa za kutikisa na vijiti vya mkwasa, basi watu wanacheza mpaka alfajiri. Mikono ni ileile, na mara nyingi nyimbo ni zilezile za taarab, ila zimeharakishwa na kuunganishwa moja baada ya nyingine. Mwimbaji wao, mama wa makamo mwenye sauti kavu na nzito kama mbao za mlango wa zamani, anauza vitumbua asubuhi. Nilimkumbuka Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, aliyekuwa akitembeza vyungu kabla ya sauti yake kumfikisha Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Picha yake hotelini hapo ipo, imetundikwa kwenye njia ya kwenda msalani.

Chakula nitakipitia kwa haraka kwa kuwa hakina matata. Pweza wa nazi alikuwa laini, na mchuzi wake haukutiwa unga wa kuufanya mzito. Samaki wa kupaka alistahili sifa zote. Pilau ilifika imepoa, na mkate wa kumimina ulikuwa na sukari nyingi kuliko hiliki. Wahudumu ni wepesi na wana adabu.

Muziki ulianza saa moja na nusu usiku, na hapa ndipo tathmini yangu inapokuwa ngumu, kwa sababu wapigaji walikuwa bora kuliko kazi waliyopewa. Nyimbo zilikuwa za zamani, zile ambazo vilabu vya Unguja vimezilea tangu Ikhwani Safaa ilipoasisiwa mwaka 1905, na baadaye Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958. Mpiga fidla, licha ya usingizi wa saa chache, alikuwa na mkono mwepesi. Pale sauti ya mwimbaji ilipopumua, fidla iliingia katika pengo hilo na kulirudia neno la mwisho kwa nyuzi, na kodiani ikalisindikiza hadi mlangoni mwa ubeti uliofuata. Masikitiko yangu ni kwamba karibu kila wimbo ulifungwa baada ya dakika tano. Niliuliza, nikaambiwa ndivyo uongozi ulivyoagiza: wageni wasichoshwe.

Anayetoa agizo hilo hajui wimbo wa taarab unavyotengenezwa. Mtunzi huanza na shairi, kwa kawaida beti zenye mishororo mitatu, kila mshororo mizani kumi na sita, vina katikati na mwishoni. Shairi huenda kwa mwenye kulitia sauti, ambaye huenda asiwe mtunzi mwenyewe, naye hukaa na ala ya udi au kodiani akilitafutia maqamu, yaani mpangilio wa sauti, inayofaa huzuni yake au kejeli yake. Kisha hutunga vipande vya muziki vya kuingilia na vya kutenganisha beti, humchagua mwimbaji ambaye sauti yake inaukubali wimbo, humfundisha neno kwa neno, na ndipo wimbo unapopelekwa mazoezini, kila mpigaji ajue pa kuingia na pa kunyamaza. Wapo wanaosoma nota, hasa tangu Dhow Countries Music Academy, chuo cha muziki cha hapa Zanzibar, ilipoanza kufundisha mwaka 2002, lakini wengi wa rika la mzee wa ganuni walijifunza kwa sikio, jioni baada ya jioni, baada ya kutoka kazini. Wimbo mmoja unaweza kuchukua wiki nyingi kabla haujaonekana jukwaani.

Katika ufundi huo, fumbo huachwa mwisho. Ubeti wa kwanza unalalamika, wa pili unasingizia, na mara nyingi ubeti wa mwisho ndio unaofungua au kuchoma. Hoteli inapoukata wimbo uishie dakika tano, kinachotupwa ni muziki wa kuingilia, vipande vya katikati, na ubeti wa mwisho. Mgeni anaondoka akiwa amesikia malalamiko ya mtu asiyemjua kuhusu jambo asiloambiwa. Haya hayahitaji kujua Kiswahili. Hata asiyeelewa neno husikia kwamba wimbo umekatizwa, kama vile mtu anavyojua hadithi haijaisha ingawa anaisikilizia mlango wa pili.

Mitambo nayo haikusaidia. Maikrofoni ya mwimbaji ilitiwa mwangwi mwingi, kana kwamba anaimba ndani ya birika, na spika moja ilielekezwa kwenye meza za ukingoni ambako watu walikuwa wakitazama majahazi. Kwa paa dogo namna ile, ningeizima yote. Dakika ambayo umeme ulikatika, kabla ya jenereta kushika, tulisikia ganuni kwa sauti yake yenyewe, kavu na ya karibu, na mezani kwetu hakuna aliyegusa kijiko.

Lipo pia suala la tunza. Katika wimbo wa tatu, shangazi yetu wa Muscat, mama wa miaka sabini na ushei, alisikia mstari uliomgusa, akasimama, akafungua mkoba wake, akatembea taratibu kwa mwendo wa wimbo kuelekea kwa mwimbaji, noti mkononi. Mhudumu alimkimbilia na kumwomba arudi kukaa, akieleza kwamba wageni hawaruhusiwi kusogea jukwaani na kwamba bakshishi huongezwa kwenye bili. Sina ugomvi na kijana yule, alikuwa akitii amri. Lakini tunza si bakshishi. Katika ukumbi wa taarab mtu hutunza ubeti uliosema la moyoni mwake, au ubeti anaotaka mwenzake wa viti vya nyuma ausikie vizuri, na kwa namna hiyo mwimbaji na mtunzi huambiwa hapohapo neno lipi limefika. Ni sehemu ya kipato chao, naam, na pia ndiyo tathmini yao ya kwanza. Ikigeuzwa asilimia kwenye bili, wapigaji hawajui wamesifiwa kwa lipi, na kwa maelezo ya mzee wa ganuni, aghalabu hawajui hata kama imelipwa.

Kwenye kadi ya chakula jina la mpishi mkuu limechapishwa kwa herufi za dhahabu, na jahazi lililoleta samaki limetajwa. Kikundi kimeandikwa "muziki wa asili". Hakuna jina la kikundi, la mwimbaji wala la waliotunga mashairi. Nililiandika hilo katika kitabu cha maoni, pamoja na la pilau.

Kwa anayeuliza kama aende: aende, ila akitaka taarab kamili atafute kwanza usiku wa vilabu wenyewe au tamasha la Sauti za Busara kila Februari. Akichagua paa, afike saa kumi na mbili, aombe meza ya upande wa ganuni mbali na spika, na awe na noti ndogo ndogo mfukoni. Shangazi hakukaa, tafadhali ijulikane. Alimshukuru mhudumu kwa upole, akampita ubavuni, akampa mwimbaji tunza yake kwa mikono miwili. Mwimbaji akamtazama mzee wa ganuni, mzee akatikisa kichwa, na ule ubeti wa mwisho ambao haukuwa katika mpango ukaimbwa, kisha ukarudiwa. Wimbo huo ulichukua dakika kumi na mbili. Meneja alikuwa amesimama kando ya ngazi na keki ya siku ya kuzaliwa ya meza ya pili, mishumaa ikiyeyuka.